UZI: Uanachama wa kulipia na viwango vya wachezaji kwenye michezo ya umeneja wa soka. Hela yako inanunua nini hasa?

Kiungo Mkabaji (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kilichonisukuma ni mdogo wangu wa kidato cha tatu. Wiki iliyopita kanijia na simu mkononi, anataka nimtumie elfu kumi na tano "aongeze uwezo wa beki". Nikamwambia nionyeshe. Beki ana 71, ukilipa anakuwa 78, papo hapo, bila mazoezi wala mechi. Nikakosa la kusema, maana miaka minne nyuma na mimi nilikuwa huko huko.

Mchezo niliokuwa nacheza jina naliacha. Ulikuwa wa simu: unaunda timu, unasajili, unapanga kikosi, unakutana na mameneja wengine kwenye ligi. Kujiunga bure. Msimu wa kwanza nikamaliza kileleni. Msimu wa pili nikakutana na jamaa ambaye wachezaji wake wakichoka wanapona ndani ya saa moja, wangu wanataka siku nzima. Alikuwa mwanachama wa kulipia. Na mimi nikalipia. Tukalingana wiki tatu hivi, akaja mwingine mwenye uanachama wa ngazi ya juu zaidi, ambao mazoezi yake yanahesabiwa mara mbili. Nikapanda ngazi. Nilipokuja kupiga hesabu ya miezi saba, ilizidi laki moja na themanini za Tanzania. Hela iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi saba yote sikujifunza kitu kuhusu kupanga kikosi. Nilikuwa nalipa, nashinda. Nikichelewa kulipa, nafungwa.

Tangu hapo kila mchezo ninaousikia nauuliza swali moja kabla sijaupakua: ile namba iliyoandikwa pembeni ya jina la mchezaji, pesa inaweza kuisogeza? Kama inaweza, basi uanachama wao ni ada ya kubaki kwenye mashindano, waupe jina lolote wanalotaka. Kama haiwezi, hapo tunaweza kuzungumza bei.

Nichukue mifano miwili ambayo wengi mnaifahamu.

Kwanza Hattrick, wa Waswidi, upo tangu 1997. Unachezwa kwenye kivinjari, na unakwenda taratibu kuliko mchezo wowote niliowahi kuuona. Msimu mmoja ni wiki 16, ligi ina timu 8, mechi za ligi 14. Uwezo wa mchezaji unaandikwa kwa maneno: kuna ngazi za chini kabisa kama "mbovu", kuna "wa kuridhisha", kuna "bora", unapanda mpaka "wa kiungu". Kila ngazi ina desimali zake ambazo huonyeshwi. Timu inafanya zoezi la aina moja kwa wiki, na kijana wa miaka 17 anapanda haraka kuliko mtu wa 25. Uanachama wa kulipia wanauita Supporter, una ngazi zake kuanzia Silver mpaka Diamond. Unapata nini? Nembo ya klabu, jezi, takwimu zaidi, kumbukumbu za mechi, vyama vya mashabiki, na ukiwa ngazi za juu unaweza kuendesha timu ya pili, ambayo hairuhusiwi kuuziana wachezaji na ile ya kwanza. Lakini mchezaji wako hapandi hata desimali moja kwa sababu umelipa. Hiyo ni kanuni yao ya tangu zamani.

Pili Top Eleven, kutoka Belgrade, Serbia. Ulianza 2010 kwenye Facebook, 2013 wakamchukua José Mourinho awe sura ya mchezo, na 2021 Take-Two, kampuni ya michezo ya Marekani, wakainunua kampuni nzima inayoutengeneza, Nordeus, kwa bei iliyofika dola milioni 378. Huku mchezaji ana nyota na asilimia, msimu ni siku 28, na kuna tokeni, sarafu ya ndani ya mchezo. Tokeni unazipata kidogo kidogo bure, au unazinunua. Ndizo zinazotumika kuweka dau kwenye mnada wa wachezaji. Halafu kuna jambo ambalo wachezaji wageni hawalielewi: kwa miaka mingi mfumo wake umekuwa kwamba ukipanda ngazi, nyota za kikosi kizima zinashuka, kwa sababu zinapimwa kulingana na ngazi uliyopo. Mchezaji hajazeeka, hajaumia, ni kipimo ndicho kimehama. Sisemi ni wizi, sheria yao iko wazi kwa anayesoma. Lakini fikirieni inavyofanya kazi kichwani mwa mtu: kila baada ya wiki nne unajiona maskini upya, na dirisha la kununua tokeni liko pale pale.

Hapo ndipo uanachama na viwango vinapokutana, na ndiyo maana nimeviweka kwenye uzi mmoja. Anayeandika namba ndiye anayepanga bei. Karibuni.

Fundi Simu Kariakoo

Mkuu umeandika vizuri ila nikupinge kidogo. Server zinalipiwa, waandishi wa programu wanakula. Ukisema kila kitu kiwe bure mchezo unakufa. Mimi niliwahi kucheza michezo miwili ya bure kabisa, yote ilifungwa, timu yangu ya miaka mitatu ikapotea usiku mmoja. Wanaolipa ndio wanaotufanya sisi wengine tucheze.

Kiungo Mkabaji

Fundi, hapo sipingani na wewe hata kidogo. Sijasema walipwe sifuri. Mimi mwenyewe Hattrick nalipia, na nalipia kwa moyo. Hoja yangu ni kinachouzwa. Uza nembo, uza takwimu, uza jezi ya ugenini yenye rangi ya machungwa, ondoa matangazo, nitanunua. Usiuze goli.

Bodaboda wa Mbezi

Nyie mnaongelea hela, hamjaongelea muda. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa nne usiku. Mwanafunzi wa chuo anaingia kwenye mchezo mara thelathini kwa siku, anafukuzia mnada dakika ya mwisho, anakusanya zawadi za kila saa. Mimi nikilipa elfu tano kwa mwezi nikapata msaidizi wa kupanga mazoezi nikiwa barabarani, nimemdhulumu nani? Yeye analipa kwa muda, mimi nalipa kwa hela niliyoitolea jasho.

Dada wa Makorora

Bodaboda, hili umelisema na nakuunga mkono. Watu wanaotukana wanaolipa mara nyingi ni wale wenye muda mwingi.

Ila angalia tofauti. Msaidizi wa kupanga mazoezi anakurudishia muda wako tu. Beki akitoka 71 kwenda 78 hilo ni jambo lingine, hata yule mwanafunzi akeshe wiki nzima hafiki. Ndiyo sababu mimi nakaa kwenye michezo inayokwenda polepole. Hattrick ukiingia mara mbili kwa wiki inatosha: siku moja unaangalia mazoezi, siku nyingine unapanga kikosi. Mwenye muda mwingi hana cha kufanya nao, kwa hiyo pengo lako na lake linajifunga lenyewe. Mimi nina watoto wawili na duka, na niko daraja moja na watu wasio na majukumu yoyote.

Sasa hivi nina kipa wa miaka 17, nimemtoa kwenye akademi yangu ya vijana. Kwenye ukipa yuko ngazi ya "wa kuridhisha" tu. Timu nzima iko kwenye zoezi la kipa kwa ajili yake. Namsubiri.

Golikipa Mstaafu

Nafuatilia.

Kisumu Ndogo

Nawasalimu kutoka Kisumu. Huku kwetu wengi wako FPL, ile fantasia ya Ligi Kuu ya Uingereza: unachagua wachezaji halisi, unapata pointi vile wanacheza uwanjani. Ni bure toka mwanzo hadi mwisho wa msimu, na hakuna kitu unaweza kununua ndani kikuongezee pointi. Bei ya mchezaji ndiyo kiwango chake, inawekwa kabla ya ligi kuanza, halafu inapanda na kushuka vile mameneja wanamnunua na kumuuza.

Kile napenda ni kwamba kipimo kikikosea, uwanja unakisahihisha mbele ya watu wote. Msimu wa 2017/18 Mohamed Salah aliwekwa milioni 9.0. Akamaliza na pointi 303. Hakuna mtu alilipa ndio apate Salah, ulihitaji tu kumuona mapema. Mimi nilimuona wiki ya nne na bado nilifaidika. Rafiki yangu alingoja mpaka Disemba, bei ikawa imemtoroka.

Lakini hata huku pesa imepata mlango wa nyuma. Kuna tovuti za nje zinauza uanachama: makadirio ya pointi, nani atapanda bei usiku wa leo, nani ataanza. Sasa Kiungo nikuulize, kwa ile swali yako, hiyo tunaiweka wapi? Haisogezi namba ya mchezaji. Lakini yenye amelipa anajua kitu mimi sijui.

Kiungo Mkabaji

Kisumu, umenigusa pagumu. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Na mimi nikiri: hata Supporter wa Hattrick anapata takwimu ambazo asiyelipa hazioni kirahisi. Kwa hiyo ukisema habari ni faida, basi hata mchezo ninaousifia haujaoga ukatakata. Tofauti ninayoiona ni hii. Hattrick wanaruhusu programu za nje zilizoidhinishwa kuchukua data ya timu yako, na baadhi yake ni za bure kabisa. Hattrick Organizer unaishusha kwenye kompyuta, hulipi senti, na inakuchambulia kikosi kuliko ukurasa wowote wa kulipia. Asiyelipa akitaka kujua, anajua, ila itamchukua muda na kujifunza.

Habari ambayo mwenye bidii anaweza kuifikia bila hela, mimi naona ni halali kuiuza kwa asiye na muda. Ile ambayo imefungwa kabisa, huna mlango mwingine ila kulipa, nairudisha kwenye kundi la beki wa 78. Huo ndio mstari wangu kwa leo. Mtu akiusogeza kwa hoja nitausogeza.

Mtoto wa Goma

Ndugu zangu, mimi naleta habari ya mtu wa kwetu, maana mnaongea namba kama vile zimeshuka kutoka mbinguni.

Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa, akakulia Sweden, akachukuliwa na Derby County ya Uingereza akiwa kijana mdogo. Kwenye michezo ya Championship Manager ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, waandaaji walimpa uwezo mkubwa sana wa baadaye. Ukimsajili kwa bei ndogo, misimu michache tu anakuwa mmoja wa viungo bora duniani. Watu wa nchi nyingi wanalijua jina lake mpaka leo, na wengi hawajamuona akipiga mpira hata mara moja. Derby hawakumchezesha hata mechi moja ya timu ya kwanza. Baadaye alicheza timu ndogo za Sweden na Finland.

Hakuna aliyedanganya. Kuna mtu aliangalia kijana, akaandika alichoamini. Namba ilikuwa matumaini ya mtu mmoja, ikasomwa na mamilioni kama kweli.

Na kuna To Madeira, kwenye mchezo wa 2001/02, mshambuliaji hatari wa timu ndogo ya Ureno, Gouveia. Huyo hakuwepo kabisa. Aliingizwa na mtu aliyepewa kazi ya kukusanya takwimu, na baadaye akaondolewa.

Fundi Simu Kariakoo

Duh. Moukoko nilimsajili kila mara, sikujua ni Mkongo.

Mzee wa Jangwani

Mtoto wa Goma, asante. Nimecheza hiyo michezo tangu enzi za kompyuta za intaneti kafe, tunalipia kwa saa. Niongeze kitu. Kwenye Football Manager ya sasa, mrithi wa hiyo Championship Manager, sifa za mchezaji unazoziona ni 1 hadi 20, ila nyuma yake kuna namba mbili, uwezo wa sasa na uwezo anaoweza kuufikia, zote kati ya 1 na 200, na mchezo haukuonyeshi. Unatuma skauti, yaani msaka vipaji, skauti anakuletea nyota, na nyota zenyewe ni maoni ya skauti. Skauti dhaifu anakosea. Kwa hiyo unajifunza kutoliamini karatasi. Hifadhidata yao ilijengwa na watu wengi wanaofuatilia klabu zao kwa karibu, ikafika mahali Everton mwaka 2008 wakaingia mkataba wa kuitumia kusaka wachezaji.

Mimi naona kiwango kilichofichwa kidogo ndicho kinachomfundisha mtu. Ukiona 78 imeandikwa kubwa, unaacha kumtazama mchezaji. Kwenye Hattrick, Dada wa Makorora atakubaliana nami, huoni desimali, unakisia. Unaangalia mshahara, maana unaongezeka kadiri uwezo unavyopanda. Unaangalia TSI, ile jumla ya thamani ya uwezo wake, ukijua kwamba kipa anasomwa tofauti na wachezaji wengine. Unaangalia nyota alizopewa baada ya mechi. Halafu kuna hali ya hewa: mchezaji wa ufundi anafurahia jua, mwenye nguvu anafurahia mvua. Mtu aliyeyajua hayo anamnunua kiungo kwa nusu ya bei, na hakuna uanachama unaomuuzia jicho hilo.

Dada wa Makorora

Nakubaliana, Mzee. Na tusisahau timu yenyewe inapimwa kwa sehemu saba: kiungo, ulinzi wa kulia, kati na kushoto, na ushambuliaji wa kulia, kati na kushoto. Kiungo ndicho kinaamua nani anapata nafasi nyingi. Nimewahi kumfunga mtu mwenye wachezaji ghali mara mbili ya wangu kwa sababu beki wake wa kushoto alikuwa dhaifu na mimi nilipeleka mashambulizi yote upande huo. Sijawahi kusahau Jumamosi ile.

Bodaboda wa Mbezi

Hapa sasa mmenitamanisha. Lakini je, huo mchezo una picha? Mechi inaonekana?

Dada wa Makorora

Ni maandishi, kaka. Dakika kwa dakika, unasoma. Ukizoea unaona mpira kichwani.

Kisumu Ndogo

Kiungo nimekubali mstari wako, ila kuna kitu haujaguza: watoto. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, wenye mchezo wa FIFA, wakaacha kuuza pointi za kununulia pakiti huko. Kwenye Ultimate Team, sehemu ya huo mchezo ya kuunda timu, unanunua pakiti bila kujua ndani kuna nani, na yule mwenye kiwango kikubwa ndiye adimu zaidi. Hapo kiwango kimekuwa tiketi ya bahati nasibu. Mtoto wa dada yangu ana miaka 12. Mama yake alikuwa ameweka kadi ya GlobalPay, ile ya M-Pesa ya kulipa mtandaoni, kwenye simu anunue kitabu cha shule, kijana akaiona.

Kiungo Mkabaji

Kisumu pole sana kwa dada. Mdogo wangu nilimkatalia ile elfu kumi na tano, na kwa kweli niliogopa zaidi kuliko nilivyokasirika.

Kwa wazazi na wenye wadogo zao, haya nimeyajifunza kwa gharama. Kufuta mchezo kwenye simu hakukatishi uanachama. Unaendelea kukatwa kila mwezi. Ingia Play Store, gusa picha yako, nenda kwenye malipo na usajili, katisha hapo. Mimi niliufuta mchezo nikajiona huru, kumbe nilikatwa miezi miwili mingine. Pia kwenye mipangilio ya Play Store weka kila ununuzi udai nywila au alama ya kidole. Na kadi usiiache ndani ya simu ya mtoto hata kama ina salio dogo.

Jingine: ukitaka kujaribu mchezo, cheza misimu miwili kamili bila kulipa kitu. Usihukumu kwa wiki ya kwanza, wiki ya kwanza zawadi zinamwagwa. Msimu wa pili ndio unajua kama asiyelipa anaachiwa nafasi ya kupumua.

Mama Kikosi

Mimi ni msomaji wa kimya, leo nimejisajili ili niandike. Mwanangu wa kidato cha kwanza anacheza mmoja wa hii michezo. Nimesoma uzi wote, jioni nikakaa naye, nikamuuliza swali la Kiungo, namba ya mchezaji inasogezwa na hela au haisogezwi. Alinieleza nusu saa nzima. Sijawahi kumsikia akiongea nusu saa. Tumekatisha uanachama pamoja, yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza, na amesema anataka kuona atafika wapi bila huo.

Golikipa Mstaafu

Mama Kikosi, mpe hongera kijana kutoka kwangu. Nilikuwa nimekaa kimya kwa kuwa mimi ndiye ninayelipa kuliko wote humu. Mwezi huu nimelipa tena. Nimestaafu, mke wangu alitangulia mbele ya haki, na ligi yangu ina watu ambao tumecheza pamoja miaka sita. Tunasalimiana kila asubuhi. Nikiacha kulipa nitashuka daraja, nikishuka daraja nitawapoteza. Hilo nalo mliweke kwenye hesabu zenu.

Kiungo Mkabaji

Mzee wangu, shikamoo. Sikulifikiria hilo kabisa, na sina hoja ya kukujibu. Pole kwa msiba.

Ila nikuombe kitu. Hattrick ukifungua timu leo ni bure. Tuko wanne humu wenye timu, mechi za kirafiki tunapangiana katikati ya wiki. Huko hakuna anayeshushwa daraja kwa kutolipa, na salamu za asubuhi zipo. Ile timu yako ya zamani si lazima uiache.

Golikipa Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nitumieni maelekezo. Taratibu, macho yangu si ya zamani.

Dada wa Makorora (baada ya wiki tatu)

Narudi na taarifa mbili. Mzee Golikipa amepata timu. Jumatano iliyopita tumecheza kirafiki, amenifunga 2–1, na goli la pili limetokana na kona ambayo alinieleza kwa simu dakika kumi jinsi alivyoipanga.

Na yule kipa wangu wa miaka 17 amepanda ngazi leo. Nilikuwa nahudumia mteja dukani, nikapiga kelele, mteja akadhani nimeibiwa.

Mzee wa Jangwani

Mshahara wake umefika ngapi? Usimuuze.